Dingi ya kubebwa na mtu mmoja: kuichagua, kuijenga Moshi, kuifikisha Tanga

"Mangi, na hiyo utaielesha wapi, kwenye mtaro?" Ndivyo alivyoniuliza jirani yangu wa Pasua asubuhi aliponiona nikitoa kwenye kibanda changu cha useremala kitu chenye umbo la beseni refu. Ana haki ya kucheka. Kutoka Moshi hadi bahari ya Tanga ni takriban kilomita 350, na mtaani kwetu chombo kinachohusiana na maji ni pipa la kunyweshea ng'ombe. Lakini mashua ya matanga tuliyonunua kwa ubia mimi na shemeji yangu iko Tanga, na mashua yenye mkuku haifiki ufukweni. Inatia nanga palipo na kina, halafu mtu anabaki kutazamana na nchi kavu kwa umbali wa mita 200. Dingi ndiyo inayoziba pengo hilo: chombo kidogo cha makasia cha kukutoa pwani hadi mashuani na kukurudisha, pamoja na maji ya kunywa, betri, mkungu wa ndizi na mgeni anayeogopa kulowa. Wazee wa pwani watakuambia hicho ni kihori. Vijana wa boti wanasema dingi, nami nitawafuata vijana.

Nimeshakuwa nazo tatu. Ya kwanza iliuawa na jua. Ya pili ilikuwa nzito hadi ikatugombanisha. Ya tatu ndiyo inayofanya kazi mpaka leo. Kosa katika zile mbili lilikuwa moja: nilianza na chombo nilichokipenda, mahali pa kukiweka na mtu wa kukibeba nikavifikiria baadaye.

Vipimo vitatu kabla ya kutoa hela

Kipimo cha kwanza kiko sitahani. Dingi inayoburutwa nyuma kila safari hupunguza mwendo wa mashua ndogo, na bahari ikichafuka huja mbio juu ya wimbi ikagonga tezi, yaani nyuma ya mashua, au ikajaa maji na kukata kamba. Kwa hiyo lazima pawepo pa kuilaza kifudifudi na watu bado wapite. Usipime kwa macho. Nenda duka la vyombo vya umeme, omba boksi tupu la friji, likate kwa urefu na upana wa dingi unayoitaka, lilaze sitahani, kisha fanya kazi zako zote: shusha nanga, kunja tanga la mbele, fungua kifuniko cha chumba. Mimi nilipanda basi la Tanga na boksi langu limeviringishwa kama mkeka, na konda akanitoza nauli ya mzigo. Lilikuwa la mita 2.4. Nilipolilaza mbele ya mlingoti, kona yake ilifunika pale amari, kamba ya nanga, inapotokea. Nikakata kiganja kimoja, bado. Nikakata kingine. Lilipofika mita 2.2 mkono ukapita hadi kwenye nanga. Urefu wa dingi yetu uliamuliwa pale, kwa kisu cha jikoni. Mashua yetu ina futi 21. Ya futi 18 itakupa nafasi ndogo zaidi, na ya futi 26 itakuachia uhuru, ila usipime ya mwenzako.

Kipimo cha pili ni gari. Kama unajenga Moshi au Arusha, chombo lazima kisafiri. Dingi ya mita 2.2 kwa 1.2 inakaa juu ya keria ya Noah bila kuzidi kioo cha mbele, na pikapu yoyote inaichukua.

Kipimo cha tatu ni mgongo wako, na hiki ndicho watu wa bara tunachokisahau. Ziwani maji hukaa palepale, Tanga hayakai. Wakati wa bamvua, yaani maji makubwa, bahari hupanda na kushuka kwa mita tatu na zaidi, na ufukwe ukiwa bapa, ukirudi saa ya maji kupwa unakuta tope na mawe kwa hatua 100 au 200 mbele yako. Dingi haiburutwi juu ya chaza, inabebwa. Fundi yeyote anaujua uzito wa mfuko wa saruji: kilo 50. Lenga nusu yake, na usivuke kilo 30. Ukihitaji watu wawili kuibeba, siku utakayokuwa peke yako utaiacha majini, na siku hiyohiyo ndiyo itakayoibwa au kupasuka.

Mpira, faibaglasi au mbao?

Dingi ya mpira, ile ya kujaza upepo, ina sifa za kweli. Inakunjwa, haipinduki kirahisi, na haikwaruzi ubavu wa mashua. Ila uliza imetengenezwa kwa nini. Zipo za PVC, ambayo ni plastiki, na zipo za Hypalon, ambayo ni mpira wa kiwandani. Hypalon huvumilia jua la kitropiki kwa miaka mingi kuliko PVC, na bei yake inalingana na sifa hiyo. Yangu ilikuwa ya PVC, ya mtumba, niliyouziwa na mtu aliyekuwa anahama nchi. Baada ya kaskazi mbili juani ngozi yake ilinata mkononi kama ulimbo, kisha gundi ya maungio ikaachia, upande wa kushoto kwanza. Kama umeshaipenda ya mtumba, ijaze upepo asubuhi na uikague asubuhi ya pili saa ileile. Usiihukumu usiku, maana hewa ikipoa mpira wowote hulegea kidogo. Pitisha povu la sabuni kwenye maungio na kwenye valvu. Na ujue kwamba kwa makasia peke yake, upepo wa kusi ukikaza, chombo cha mpira husukumwa kama puto. Bila injini utachoka.

Faibaglasi ni nzuri ukiikuta imeshatengenezwa na ni nyepesi. Kutengeneza kalibu ili utoe chombo kimoja ni kuchimba kisima ili unywe glasi moja. Kayaki ya plastiki inafaa kwa mtu mmoja asiyejali kulowa makalio. Mtumbwi wa kuchonga uache kwa wavuvi, kwa uzito wake.

Ukiwa na msumeno na uvumilivu, plaiwudi ya milimita 6 iliyoungwa kwa epoksi (gundi ya majimaji mawili yanayochanganywa) ndiyo inayokupa wepesi, uwezo wa kubeba mizigo, na makasia yanayofanya kazi. Mwongozo huu unaegemea huko.

Kama boksi lako la friji limekataa hata mita 2, kuna dingi ya vipande viwili: inakatwa katikati, kipande cha mbele kinalala ndani ya cha nyuma, na ukitaka kwenda majini unaviunganisha kwa bolti. Wazo hili lina babu. Joshua Slocum, mtu wa kwanza kuizunguka dunia kwa tanga peke yake, kati ya 1895 na 1898, hakuwa na nafasi ya mashua nzima juu ya chombo chake, Spray. Alichukua mashua ya wavuvi iliyotupwa, akaikata nusu, akaziba pale alipokata kwa mbao, akaondoka na nusu hiyo. Majini ilimvusha, na sitahani ilimfaa kama beseni la kufulia na kuogea. Ya vipande viwili huongeza kilo kadhaa, kwa sababu katikati unahitaji kuta mbili, na bolti ni lazima ziwe za chuma kisichoshika kutu. Usiijenge kama huihitaji.

Umbo, na hesabu ya beseni

Pua kali ni nzuri kwa macho na hukata wimbi vizuri. Lakini katika urefu wa mita 2.2, pua kali inakula nafasi ya abiria mmoja mzima, na mtu akisogea mbele chombo kinazama pua. Pua bapa, ile iliyokatwa kama ya sanduku, inarudisha nafasi hiyo. Optimist, chombo cha watoto cha tanga alichokichora Clark Mills kule Florida mwaka 1947, kina urefu wa mita 2.3 na pua bapa, na hadi leo watoto wa dunia nzima wanajifunzia humo. Kwa dingi usione haya.

Kuhusu uwezo wa kubeba, fanya hesabu hii. Sakafu ya dingi yangu inayogusa maji ina eneo la kama mita za mraba 1.6. Kila sentimita inayozama inasukuma lita 16 za maji, yaani kilo 16. Watu wawili wa kilo 75 pamoja na dingi yenyewe wanafika karibu kilo 180: gawanya, unapata sentimita 11 na kitu. Ongeza moja au mbili, kwa kuwa sakafu imepinda na ncha zake hazigusi maji. Kama ubavu una kimo cha sentimita 38, zinabaki 25 juu ya maji. Zikishuka chini ya 20, mmoja abaki ufukweni asubiri zamu.

Kabla ya kugusa ubao, jenga mfano wa karatasi ya manila kwa kipimo cha moja kwa kumi, sentimita 22. Uzungushie salotepu usilowe, uweke kwenye beseni la maji, upakie misumari midogo mpaka jumla, pamoja na mfano wenyewe, ifike gramu 180. Ukipunguza vipimo mara kumi, uzito unapungua mara elfu, kwa hiyo gramu 180 zinasimama mahali pa kilo 180. Mfano wangu wa kwanza ulikaa umeinamia nyuma kama mtu aliyeshiba pilau. Nikapanua nyuma kwa milimita 5, yaani sentimita 5 za kweli, ukanyooka. Na kama hujawahi kuchora chombo wala mfano huu haukupi moyo, nunua ramani iliyokwisha kujaribiwa na wengine. Pesa yake ni ndogo kuliko ubao mmoja ulioharibika.

Mbao: tahadhari na jina "marine board"

Hapa ndipo nilipoumia. Ukiingia duka la vifaa vya ujenzi ukaomba plaiwudi ya boti, muuzaji atakutolea kwa furaha kinachoitwa marine board. Jina ni la baharini, kazi ni ya zege: ni ubao wenye ngozi nyeusi au ya kahawia, wa kufungia nguzo na slabu. Ngozi ile imewekwa makusudi ili zege lisigande, na kama zege haligandi, epoksi nayo haigandi. Dingi yangu ya pili niliijenga kwa ubao huo wa milimita 12. Ilipita kilo 60, na kwenye kona gundi ilibanduka kama ganda la yai lililochemshwa. Shemeji alibeba upande mmoja mara mbili, mara ya tatu akasema ana safari.

Tafuta plaiwudi ya kawaida ya milimita 6, futi 8 kwa 4, iliyogandishwa kwa gundi isiyoyeyuka majini, ambayo mara nyingi inaandikwa WBP. Ubao mmoja una uzito wa kilo 9 hadi 11. Ubebe mwenyewe dukani uusikie. Tazama ukingo: matabaka matano ni bora kuliko matatu, na usione tundu lolote kati ya tabaka na tabaka, kwa maana tundu ni kitanda cha maji. Halafu omba kipande cha mabaki ukachemshe. Nilikitia changu kwenye sufuria kuukuu juu ya jiko la mkaa kwa muda wa makande kuiva, saa kama nne, nikakianika hadi kikakauka kabisa, nikakichemsha tena muda uleule. Kikiachana, rudisha mbao. Kikibaki kimoja, nunua tatu.

Kwa ukingo wa juu na fito za chini, saipresi ya mashamba ya miti ya West Kilimanjaro ni nyepesi na inapinda vizuri ikiwa haina vifundo. Mgrevilea wa kwenye mashamba ya kahawa unafaa pia, chagua ulionyooka na ukauke. Mkaratusi uache, ni mzito na unajinyonga. Mtiki wa Longuza, kule Muheza, ni mbao ya heshima, lakini uweke kwenye fito za chini tu, zile zitakazokwaruza mawe.

Kwa gundi, nataka uwe mgumu. Dukani watakupa rezini ya poliesta, ile ya kutengenezea matangi na bampa za magari, kwa sababu ni rahisi kupatikana. Kwenye mbao haishiki kwa miaka. Nunua epoksi. Itakuwa ndiyo gharama kubwa kuliko zote, na kwa chombo hiki utahitaji kama kilo 5 au 6 ukihesabu inayobaki kwenye vikombe.

Kukata na kushona

Njia yenyewe inaitwa kushona na kugandisha. Iliyoifanya ijulikane ni Mirror, chombo cha mita 3.3 kilichochorwa na Jack Holt na Barry Bucknell na kutolewa Uingereza mwanzoni mwa miaka ya 1960 kwa udhamini wa gazeti la Daily Mirror. Zaidi ya 70,000 vimejengwa, vingi na watu ambao hawakuwa mafundi. Hakuna mataruma, yaani mbao za kiunzi cha ndani, ya kuchonga. Unakata vipande bapa, unavishona kwa waya, unagandisha kona, unatoa waya.

Ubao wa kwanza ni sakafu: sentimita 55 mbele, 100 katikati, 85 nyuma. Ubao wa pili unatoa mbavu mbili na kuta za mbele na nyuma. Wa tatu ni wa vikalio na kuta zake. Mikunjo usiichore kwa mkono. Pigilia misumari midogo kwenye alama zako, pindisha ufito mwembamba wa saipresi uiguse yote, kisha piga goti utazame kwa jicho moja kutoka mwisho wa ufito. Palipo na kibyongo utapaona mara moja. Sogeza msumari, tazama tena. Hapa usiwe na haraka, kwa sababu mbavu zikiwa na kibyongo, chombo kizima kitakuwa nacho. Kata mbavu zote mbili kwa pamoja zikiwa zimebanwa, uzipige randa kwa pamoja, ndipo uzitenganishe.

Waya utaupata ndani ya nyaya za umeme za nyumba, zile za milimita za mraba 1.5. Uchune plastiki, ukate vipande vya urefu wa kidole. Toboa matundu ya milimita 2 kila sentimita 12, kama sentimita moja kutoka ukingoni. Anza kufunga ubavu na sakafu kutoka katikati, kwa vidole tu, ukielekea ncha. Usikaze kwa koleo mpaka kila mshono uwe mahali pake. Dakika 40 baadaye, mbao bapa zilizokuwa zimeegemea ukutani zinageuka chombo. Mke wangu alipita na beseni la nguo, akasimama, akasema, "Kumbe ulikuwa husemi uongo."

Kabla ya gundi, hakikisha mambo mawili. Kwanza pima kwa futikamba kutoka kona ya mbele kushoto hadi ya nyuma kulia, na kinyume chake. Tofauti isizidi milimita 5. Pili, laza rula ndefu juu ya ukuta wa mbele na nyingine juu ya wa nyuma, urudi hatua tatu uzitazame. Zikilala sambamba, sawa. Moja ikiinama, chombo kimejikunja. Weka kipande cha mbao chini ya kona inayoshuka hadi zilingane. Epoksi ikishakauka, mkunjo hautoki tena.

Gundi na baridi ya Moshi

Pima epoksi kwa mizani ya jikoni kama inavyoelekeza kopo lako, usikisie, na usifikiri kuongeza hadina, yale majimaji ya kuigandisha, kunaharakisha. Hakuharakishi, kunaacha gundi laini milele. Koroga dakika tatu, ukikwangua kuta na kitako cha kikombe. Changanya kidogokidogo. Siku moja nilijitia ujanja, nikachanganya gramu 300 kwenye kikombe kirefu cha plastiki, simu ikaita. Niliporudi kikombe kilikuwa kinafuka moshi, kimelegea, na ndani yake mna jiwe. Epoksi hutoa joto inapokauka, na ikiwa imerundikana hujichemsha yenyewe. Imwage kwenye sahani pana mara tu ukishakoroga.

Baridi nayo ni kinyume chake. Juni na Julai hapa Moshi usiku unapoa, Arusha ndiyo usiseme, na gundi inayokauka usiku mmoja mwezi Januari inaweza kuchukua siku tatu. Fanya kazi hii kuanzia Septemba, au anza saa nne asubuhi ili jua likusaidie. Ukikuta utando wa mafuta juu ya gundi iliyokauka, uoshe kwa maji na dodoki kabla ya kupiga msasa. Ukiupiga msasa bila kuuosha unausambaza. Vaa glavu kila mara. Ngozi inaweza kuizoea vibaya epoksi, na ikishaikataa haisahau.

Sasa kona. Changanya epoksi na unga laini wa mbao, ule wa mashine ya msasa uliochekechwa, hadi iwe nzito kama siagi ya karanga. Kwanza weka matone kati ya mishono, subiri yakauke, kisha kata waya na uzichomoe. Baadaye jaza kona yote kwa mfululizo na uivute kwa mgongo wa kijiko cha kulia wali. Mgongo ule unaacha mshipa wa puti uliopinda vizuri, upana kama wa kidole gumba. Ikiwa bado mbichi, laza juu yake utepe wa faibaglasi wa sentimita 7 au 8, uuloweshe kwa brashi mpaka weupe wote upotee. Palipobaki peupe pana hewa, na hapo hapajashika.

Geuza chombo, kona za nje zipigwe msasa hadi ziwe za mviringo, nazo zivalishwe utepe. Sakafu yote kwa nje ilaze kitambaa chembamba cha faibaglasi. Gandisha fito mbili za mtiki chini, kutoka mbele hadi nyuma, zikaze sakafu ya milimita 6 isicheze na zibebe mikwaruzo ya matumbawe. Kwa nyuma weka mkuku mdogo wa kimo cha sentimita 8. Bila huo, dingi yenye sakafu bapa huzunguka kila ukivuta kasia.

Vikalio vinavyoelea

Kikalio cha mbele na cha nyuma viwe masanduku. Unaweza kuyaziba kabisa, lakini sanduku lililozibwa likitoboka hujaa maji bila wewe kujua. Mimi nimeweka kifuniko cha kukagulia, na ndani nimejaza chupa tupu za maji za lita 1.5 zilizofungwa vizuri, 40 kwa jumla. Hizo ni lita 60 za hewa ambayo tundu moja haliwezi kuiondoa. Dingi ikijaa maji bado inaniweka juu nikiishikilia.

Ukingo wa juu ugandishwe kwa vibano vingi, au vipande vya tyubu ya baiskeli vilivyokazwa kama bendeji, kila kiganja kimoja. Makasia yangu ni ya mita 1.8. Marefu zaidi yanavuta vizuri, lakini haya ya 1.8 ndiyo yanayolala ndani ya dingi bila kuchomoza. Vishikio vya chuma vya makasia sikuvipata Moshi, nikafanya kama wazee wa pwani: kijiti kigumu wima ukingoni na kishwara cha kamba. Kimya, rahisi, na kikikatika unatengeneza kingine palepale.

Epoksi bila rangi huliwa na jua. Piga praima, kisha rangi mara mbili. Rangi ya ndani iwe ya kijivu hafifu. Nyeupe inaumiza macho saa saba mchana, na nyeusi itakuchoma mapaja. Yangu ilipokamilika niliipima kwenye mizani ya gunia ya duka la nafaka: kilo 28.

Jaribio, barabara, na bahari

Usiipeleke Tanga kabla haijaonja maji. Watu wa Arusha wanalo Duluti pale Tengeru; ni hifadhi, ingia kwa utaratibu wake. Mimi niliteremka hadi bwawa la Nyumba ya Mungu, nikaomba nafasi na ushauri kwa wavuvi, maana wao ndio wanaojua upande usio na mamba. Vaa jaketi okozi. Keti katikati, kisha nyuma, kisha sogea ukingoni uone inainama kiasi gani. Mwisho ijaze maji kwa makusudi karibu na ufukwe, uone kama unaweza kuyachota yote kwa ndoo bila kushuka. Mzee mmoja mvuvi aliniangalia muda wote, halafu akaniambia, "Mwanangu, ndoo ifunge kamba." Nimeifunga.

Barabarani ilaze kifudifudi juu ya keria, mikanda miwili katikati, na kamba mbele na nyuma hadi kwenye bampa. Usiache ile ya mbele. Upepo wa Same huingia chini ya sakafu na kuinyanyua kama sahani. Simama Hedaru au Mombo ukaze tena, kwa kuwa mikanda hulegea. Ukifika, uliza ofisi ya TASAC, shirika la serikali la uwakala wa meli, kuhusu taratibu za vyombo vidogo kabla ya kuanza kubeba watu.

Kuingia kwenye dingi nako kuna namna. Kanyaga katikati, mkono mmoja kwenye mashua, uketi mara moja, ndipo upokee mizigo, mizito chini. Mgeni asiruke. Kamba ya kufungia iwe ndefu kuliko dingi mara tatu na ielee. Ile inayozama huingia kwenye pangaboi la kila mtu. Ukifunga ufukweni, fikiria maji yatakuwa wapi utakaporudi: yakijaa, mti uliofungia saa nne asubuhi utakuwa ndani ya maji saa kumi jioni.

Kuipandisha sitahani, mimi hufunga kamba ya tanga kwenye pete ya ukuta wa mbele, naivuta isimame wima ubavuni, maji yote yanamwagika, kisha naigeuza juu ya reli na kuilaza. Dakika nne, peke yangu. Kona yake ya mbele inaishia kiganja kimoja kabla ya amari, palepale boksi la friji lilipoishia.